Bunduki zilizogeuzwa kiti: mchongaji anaponya nini hasa katika jamii iliyotoka vitani?

#1 Patasi na Nyundo (mleta mada)

Wanajukwaa, salamu. Hoja hii imenikaa kichwani muda mrefu, na nimeona heri niiweke hapa tuijadili kwa utulivu. Kila inapotajwa sanaa ya amani, watu hufikiria njiwa mweupe aliyechorwa ukutani au mikono miwili ya saruji inayoshikana katikati ya mzunguko wa barabara, na mjadala huishia hapo. Mimi ningependa tumzungumzie mchongaji ambaye malighafi yake ni kitu kilichoua watu.

Mfano ninaoufahamu zaidi unatoka kwa jirani zetu wa Msumbiji. Vita kati ya serikali ya chama cha Frelimo na waasi wa Renamo vilianza mwaka 1977, vikakomeshwa na mkataba uliotiwa saini mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, na katika miaka hiyo inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walikufa kwa risasi, njaa na maradhi. Mkataba ule ulizinyamazisha bunduki lakini haukuziondoa. Nyingi zilibaki zimefukiwa mashambani au zimefichwa majumbani, kwa kuwa mtu aliyeishi vitani miaka kumi na mitano haamini kwa siku moja kwamba mambo yamekwisha. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa msukumo wa Askofu wa Kianglikana Dinis Sengulane, lilianzisha mradi ulioitwa kwa Kireno Transformação de Armas em Enxadas, yaani kugeuza silaha kuwa majembe. Aliyesalimisha bunduki alipewa jembe, baiskeli, cherehani au vifaa vya ujenzi, na kijiji kimoja kilichokusanya silaha nyingi kwa pamoja kiliondoka na trekta. Askofu huyo alikuwa akiwaambia watu kwamba kulala na bunduki chumbani ni sawa na kulala na nyoka, ambaye ipo siku atageuka na kukuuma.

Silaha zilizokusanywa zilikatwakatwa zisiweze kutumika tena, na sehemu ya vipande hivyo ikapelekwa kwa wasanii wa Núcleo de Arte mjini Maputo. Ni katika kundi hilo ambapo Cristóvão Canhavato, anayejulikana zaidi kwa jina la Kester, aliviunganisha vipande vya bunduki mwaka 2001 vikawa kiti cha enzi. Mwaka uliofuata kiti hicho kilinunuliwa na British Museum ya London.

Kiti chenyewe kinastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani yake mna vipande vya bunduki zilizotoka Ureno, Muungano wa Kisovieti, Poland, Chekoslovakia na Korea Kaskazini. Kwa maneno mengine, Msumbiji ilitoa maiti, na silaha zikaagizwa kutoka nje. Sehemu ya kuegemea imetengenezwa kwa vitako viwili vya bunduki aina ya G3, na ukivitazama vizuri utaona nyuso mbili zinazotabasamu, kwa sababu matundu ya skrubu yamekaa mahali pa macho na alama ya mshipi wa kubebea imekaa mahali pa mdomo. Kester alieleza kwamba hakuzichonga nyuso hizo, bali alizikuta zimo tayari katika vitako, na kazi yake ikawa ni kuchagua vipande vyenye sura. Jambo hilo hunigusa kila ninapolifikiria. Mtu amepewa lundo la vyuma vya mauti, naye akakaa chini akavipekua kipande kimoja baada ya kingine, akitafuta kinachocheka.

Sisi wa mwambao tuna kiti chetu cha enzi, kile cha mpingo chenye nakshi za mifupa au pembe na ukambaa wa nyuzi uliosukwa, ambacho katika nyumba za Lamu na Pate kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Hakuna asiyejua kwamba kiti kinatangaza ni nani mwenye neno la mwisho ndani ya nyumba. Kester alikitumia kiti kwa maana hiyohiyo, kisha akatuachia swali la nani aliyeketi juu ya nchi yake kwa miaka yote ile.

Hoja yangu ni kwamba uponyaji haumo ndani ya sanamu iliyokamilika, hata iwe nzuri kiasi gani, bali umo katika njia ambayo chuma kimepitia kutoka mkono mmoja hadi mwingine: aliyekifukua, aliyekikata, aliyekiunganisha, na aliyerudi nyumbani na jembe mahali pa bunduki. Karibuni tujadiliane.

#2 Mkaa Chonjo

Ndugu mleta mada, shukrani kwa uzi ulioandikwa kwa makini. Naomba kutofautiana nawe, tena kwa uzito.

Kwanza, ikiwa uponyaji umo katika njia ya chuma, mbona njia hiyo imeishia London? Aliyetoa bunduki kijijini alipata cherehani, msanii alipata jina, na jumba la makumbusho likapata kitu cha kuwaonyesha wageni. Sipingi biashara ya sanaa, kwa kuwa msanii naye anakula, lakini tusiite uponyaji wa jamii kitu ambacho wengi katika jamii hiyo hawatakiona isipokuwa kwenye picha.

Pili, nchi hiyohiyo tunayoisifu kwa kugeuza bunduki kuwa majembe ina bendera ambayo tangu mwaka 1983 imebeba kitabu, jembe na bunduki ya AK-47 yenye singe. Bunduki na jembe vimepishana pale juu kana kwamba ni ndugu. Mchongaji anakata bunduki karakanani, na nje mlangoni inapepea nyingine. Mwaka 2005 yaliendeshwa mashindano ya kutafuta bendera mpya, na bunduki ikabaki palepale.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, tumfikirie mama aliyempoteza mwanawe kwa risasi. Unamwekea mbele yake mtutu, komeo na magazini, kisha unamwambia kwamba hii ni amani. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nawe humwonyeshi ung'ongo tu, unamwonyesha nyoka mwenyewe, ingawa umemkata vipande.

#3 Fundi Gesi

Mimi si msomi wa sanaa. Ni fundi wa kuchomelea na nimekaa karakanani zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nitachangia upande ninaoufahamu, maana naona wengi mnazungumza juu ya sanamu hizi kana kwamba vipande vilijiunganisha vyenyewe.

Bunduki ni chuma kigumu kukishughulikia. Mtutu umetengenezwa kwa chuma cha pua kilichokusudiwa kustahimili joto na mgandamizo, na ukiuchomelea kwa haraka bila kuupasha moto kwanza, kiungio hupasuka kikishapoa, wakati mwingine siku ya pili, ukiwa umeshajipongeza. Magazini ni kinyume chake kabisa, kwa kuwa ni bati jembamba lililopigwa chapa, na ukizidisha moto kidogo unatoboa tundu. Kitako cha mbao hakichomelewi hata kidogo. Lazima ukishike kwa skrubu au ukifungie ndani ya pete ya chuma. Kwa hiyo mtu anayeunganisha mtutu, magazini na kitako katika kazi moja anavishikanisha vitu vitatu visivyotaka kuelewana, na kila kimoja kinadai subira ya namna yake.

Kuna jambo jingine. Chuma kilichofukiwa ardhini miaka mingi huja na kutu, lakini kutu haikai sawasawa. Mahali palipokuwa pakishikwa na kiganja kwa muda mrefu huwa pamelika na kulainika. Ukisugua kwa msasa unaona wazi aliyekuwa na kifaa hicho alikishika wapi. Naamini wasanii wale wa Maputo waliyaona hayo kila siku, na sidhani kama mtu anaweza kufanya kazi hiyo kwa miezi bila kumfikiria mwenye kiganja.

#4 Patasi na Nyundo (mleta mada)

Fundi, umenipa kitu ambacho sikuwa nacho. Nitakurudia baadaye.

Ndugu Mkaa Chonjo, hoja yako ya London ni ya haki, nami siwezi kuikwepa. Baada ya kiti kile, British Museum kwa kushirikiana na shirika la Christian Aid waliagiza kazi kubwa zaidi, Mti wa Uzima, uliotengenezwa na Kester pamoja na Hilário Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté. Ni mti wa vyuma vya silaha wenye uzito wa nusu tani na urefu unaozidi mita tatu, nao pia uko London tangu mwaka 2005. Ninachoweza kusema kwa upande wa pili ni kwamba kiti hakikufungiwa kwenye kabati la kioo wakati wote. Kilizungushwa Uingereza, kikaingia makanisani, mashuleni na hata gerezani. Nchi nyingi zenye viwanda vya silaha hazijawahi kuona silaha zikirudishwa mlangoni kwao zikiwa zimevunjika. Hata hivyo ninakubali kwamba kuwafundisha Waingereza ni kazi moja, na kumponya mtu wa mikoa ya Gaza au Zambezia kule Msumbiji ni kazi nyingine, na tusizichanganye.

Kuhusu mama uliyemtaja, nadhani sote wawili tumemsemea bila kumuuliza. Wapo watakaoshtuka, na wana haki ya kutotazama. Lakini nyoka wa Askofu Sengulane alikuwa hatari kwa sababu alikuwa chini ya kitanda, mahali asipoonekana. Bunduki iliyofichwa darini kwa jirani inamtisha mama huyo kila usiku, ilhali iliyokatwa na kusimamishwa hadharani angalau anajua iko wapi na kwamba haitalia tena.

#5 Mmakonde wa Newala

Naomba nami niingie, kwa kuwa mnazungumzia Msumbiji na uchongaji katika uzi mmoja bila kuwataja Wamakonde, na huo ni upungufu.

Wazee wetu wengi walivuka Ruvuma kutoka uwanda wa Mueda wakija kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Wengine walivuka wakikimbia ukoloni wa Kireno, hasa baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960. Walikuja na patasi zao. Mtindo ambao leo watalii wanauita ujamaa, ule wa watu waliopandana kama nguzo ndefu, unahusishwa na mzee Roberto Yakobo Sangwani, na hapo mwanzo uliitwa dimoongo, ukimwonyesha mcheza mieleka aliyeshinda akiinuliwa na wenzake. Baadaye mshindi akageuka kuwa babu au bibi, na wenzake wakawa wana na wajukuu. Kwa hiyo sanamu iliyoanza kama sherehe ya ushindi wa mtu mmoja ikaishia kuwa picha ya watu wanaobebana. Hayo ni mageuzi makubwa, na hakuna mradi wala mfadhili aliyeyaagiza.

Nataka mtazame tofauti ya kazi hizi mbili. Mchongaji wa mpingo anaanza na gogo moja lililo zima. Anaondoa ganda jeupe la nje, anafika kwenye moyo mweusi, na kila mtu anayemtoa humo anabaki ameungana na mwenzake kwa kuwa wote ni mti mmoja. Ukimkata mmoja ili umuuze peke yake, umeharibu wote. Mchongaji wa bunduki anaanza na vipande ambavyo havijawahi kuwa kitu kimoja, vingine vilitengenezwa ili viharibiane, naye analazimika kuvitafutia mahali pa kushikana. Wa kwanza anakumbusha undugu uliokuwapo, na wa pili anautengeneza kwa nguvu baada ya kuvunjika.

Sasa niseme lililonileta. Tarehe 5 Oktoba 2017 mapigano yalianza Mocímboa da Praia, na tangu hapo Cabo Delgado, ambako ndiko kwa Wamakonde wa ng'ambo, imeona vijiji vikichomwa na mamia ya maelfu ya watu wakikimbia makwao. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Renamo na serikali walikuwa wameshaanza tena kupigana katikati ya nchi, na mkataba mwingine ukahitajika Agosti 2019. Kiti cha Kester kilikuwapo wakati wote huo, na Mti wa Uzima vilevile. Ndugu mleta mada, sanamu hizo zilizuia nini?

#6 Mwalimu wa Zamu

Swali la Mmakonde ni zito, na kabla mleta mada hajajibu ningependa kuongeza mifano miwili, kwa sababu kwa maoni yangu tunamdai mchongaji kazi ambayo si yake.

Mfano wa kwanza uko Msumbiji kwenyewe. Watoto waliotekwa na kufanywa askari waliporejea makwao, katika sehemu nyingi jamaa zao hawakuanza kwa kuwahoji. Walipelekwa kwa waganga wa jadi, wakaogeshwa, nguo walizovaa vitani zikachomwa moto, na wengine wakaamriwa kuondoka mahali hapo bila kugeuka nyuma. Tiba hiyo ilihusu vitu na mwili, maneno yakafuata baadaye au hayakufuata kabisa. Nikisoma habari za bunduki kukatwa na kuyeyushwa naona ukoo wa wazi kati ya matendo haya mawili. Kitu kilichoshiriki dhambi kinapitishwa motoni mbele ya macho ya watu.

Mfano wa pili unatoka Kolombia. Mkataba wa amani wa mwaka 2016 kati ya serikali na waasi wa FARC ulielekeza kwamba silaha zilizosalimishwa ziyeyushwe na kufanywa minara mitatu ya kumbukumbu. Mmoja alikabidhiwa mchongaji Doris Salcedo, naye akakataa kujenga mnara. Alisema wazi kwamba hataki kitu cha kuinuliwa juu ili watu wakitukuze. Tani 37 za silaha ziliyeyushwa zikawa vigae 1,296 vya sakafu, na sakafu hiyo ikatandazwa mwaka 2018 ndani ya jengo jipya lililopenyezwa kwenye magofu ya nyumba ya zamani mjini Bogotá. Mgeni akiingia anazikanyaga silaha kwa miguu yake. Lililo kubwa zaidi ni namna vigae vilivyopata sura. Salcedo aliwaita wanawake walionusurika ukatili wa kingono wakati wa vita, akawapa nyundo, nao wakapiga mabamba ya metali kwa nguvu zao zote, na mabamba yale yaliyobondekabondeka ndiyo yaliyotumika kutengenezea kalibu. Kila kishimo katika sakafu ile ni pigo la mwanamke fulani.

Hapo ndipo naiona hoja ya mleta mada ikisimama vizuri kuliko alivyoisimamisha yeye mwenyewe, kwa kuwa alimtaja aliyekata na aliyeunganisha, lakini hakumtaja aliyeumizwa.

#7 Mkaa Chonjo

Mwalimu, mfano wa Bogotá umenilegeza kidogo, nakiri. Mtu aliyeumizwa akipewa nyundo, hilo ni jambo tofauti na kumwalika siku ya uzinduzi akae mstari wa mbele apigwe picha. Bado sijaridhika na swali la Mmakonde, na nadhani halina jibu zuri.

#8 Patasi na Nyundo (mleta mada)

Mmakonde, jibu langu ni fupi: sanamu hizo hazikuzuia lolote. Vita vya Cabo Delgado vina sababu zake, na hakuna kipande cha sanaa kilichowahi kumwondolea kijana umaskini au kumzuia mtu mwenye bunduki asiingie kijijini. Anayesema mchongaji huleta amani anamtwika mzigo wa polisi, wa mahakama na wa serikali, na akishindwa kuubeba anamcheka. Nimefuta aya nzima niliyokuwa nimeiandika kujitetea.

Ninachobaki nacho ni kidogo zaidi. Yule aliyeleta bunduki Maputo na yule aliyeikata huenda walikuwa pande mbili za vita, na kwa saa chache walishughulika na kitu kimoja kwa nia moja. Mwalimu ameniongezea mtu wa tatu niliyemsahau, na ni aibu kwamba nilimsahau, kwa kuwa nilijishughulisha mno na nyuso zinazotabasamu kwenye vitako. Tofauti ya gogo na vipande aliyoitaja Mmakonde nayo imenigeuza mawazo. Nilikuwa nikidhani Kester ameleta jambo jipya, kumbe ameshika upande wa pili wa kazi ambayo wazee wa Mueda waliianza.

Fundi, nilisema nitakurudia. Wewe umewahi kukata kitu chochote cha vita kwa mikono yako?

#9 Fundi Gesi

Bunduki sijawahi, na wala nisingeipokea. Lakini miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 aliniletea sanduku la chuma la kuwekea risasi, tupu, la rangi ya kijani iliyobanduka. Alitaka nimtengenezee jiko la mkaa kwa ajili ya mkewe. Nikamwambia aliache arudi jioni. Akasema atangoja. Nikamtolea kigoda, akakaa tangu saa tatu asubuhi, haongei.

Nilipokata mfuniko na ubavu mmoja kwa grenda, alisimama akaomba akate yeye upande uliobaki. Mimi huwa simpi mteja grenda, lakini siku hiyo nilimvisha miwani, nikasimama nyuma yake, nikaishika mikono yake juu ya mashine. Mzee alikuwa anatetemeka, nami nikadhani ni umri. Mstari wake ulikwenda mshazari, na nilipotaka kuunyoosha akanizuia, akasema uachwe hivyo.

Basi jiko lilikaa limeinama upande mmoja. Nikaliongezea miguu mitatu ya nondo, mmoja mrefu kuliko mingine ili kusawazisha ule mshazari, akalipa, akalifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaenda zake.